Kipimo cha Macho

Tirop aliniuzia bila sanduku, bila kijitabu,
imeviringishwa ndani ya sweta kuukuu ya shule:
miwani nzito, nyeusi, kama barakoa ya mchomeleaji,
na waya mrefu uliofungwa plasta mahali panya alipoonja.
"Inafanya kazi," alisema, akizihesabu noti mara ya pili.

Jumamosi usiku, Langa Langa. Stima imebaki uniti tisa.
Mama anatia vifungo sare za watu,
nami niko chini ya meza, kifua sakafuni,
nikipapasa mgongo wa kompyuta, vumbi la Nakuru puani,
natafuta tundu.
Nachomeka. Haliingii. Nageuza. Haliingii.
Nageuza tena, linaingia,
na ule upande wa kwanza ndio uliokuwa sahihi.

Skrini inasema: kifaa hakijatambuliwa.
Nazima, nawasha.
Kifaa hakijatambuliwa.
Napakua programu, bando inakatika
kwenye asilimia tisini na moja,
nakopa bando nyingine, nalipia hasira yangu mwenyewe.
Saa tano na robo kitaa kinageuka kijani
nami napiga ukelele
kama mtu aliyefunga bao uwanja ukiwa mtupu.

Ndipo inaniuliza nisilolitarajia:
macho yako yameachana kiasi gani?

"Mama," nasema.

Yeye hupima. Ameupima mtaa mzima:
kiuno cha Bi Gesare kabla ya mapacha, na baada,
mabega ya Wekulo, la kulia limeshuka
kwa miaka ya kubeba magunia ya pareto,
na marehemu mmoja, kwa suti yake ya mwisho;
siku hiyo alirudi kimya, akaosha mikono,
akaiosha na tepu.
Mimi hunipima kila Januari, tangu darasa la kwanza,
akiniongezea inchi mbili za pindo, za kukulia.
Lakini hapa, kati ya jicho na jicho,
hajawahi kufika.

"Usinitazame mimi. Tazama ukuta."
Tepu baridi juu ya pua yangu.
Pini mdomoni mwake, chaki, mafuta ya cherehani.
"Sitini na nne," anasema, "zile ndogo ndogo."
Kisha, kwa mazoea tu, analifungua daftari la wateja
na chini ya jina langu, chini ya shingo, kifua, mkono,
anaandika: macho, 64.
Safu ya bei anaiacha wazi.

Tumesogeza kochi. Tumetoa mtungi wa gesi nje ya mlango.
Mashine inataka nichore mpaka wangu sakafuni,
mita mbili kwa mbili.
Tuna mita moja na nusu, halafu kitanda.
Nimeidanganya. Mpaka nimeupitisha juu ya mito.

"Anza wewe," nasema.
Anafungua kilemba. (Lini nywele zake
zimekuwa nyeupe hivi, hapa juu ya masikio?)
"Legeza nusu inchi," ananiamuru. Nalegeza.

Mchezo haujafunguka bado. Kuna ukumbi tu,
mtupu, sakafu ya miraba inayokwenda na kwenda.
Nataka kumwomba radhi, kumwambia asubiri,
mazuri yanapakiwa.
Lakini ameinama, mkono wake unaitafuta hewa.
"Karatasi ya ruwaza," anasema taratibu.
"Nani kaitandaza yote hii? Haina ukingo."

"Bonyeza pale mbele, Mama, tuendelee."
"Ngoja."

Akapiga magoti kati ya kochi na kitanda,
akaanza kukata kwa vidole viwili
vazi kubwa, kubwa kupita kiasi,
la mteja nisiyemjua,
mkono ukigonga mguu wa kitanda, ukirudi,
ukiushika mstari palepale ulipouachia.

Stima ilibaki uniti nne.
Sikumwambia.